Mfagiaji Aliyeletwa kwa Meli

Wahenga walisema kunguru hafugiki. Waliposema hivyo walikuwa wakimtazama kunguru mwingine, siyo huyu anayetuamsha alfajiri kwa makelele juu ya mabati. Kunguru wa wahenga ni yule mkubwa, mweusi, mwenye shingo na kifua cheupe, kama mtu aliyevaa joho jeusi juu ya kanzu safi. Huyo ni mwenyeji wa Afrika, naye hupatikana tangu pwani hadi bara. Huyu wa mapaani kwetu ni mdogo zaidi na mwembamba. Uso na mabawa ni meusi yenye kung'aa, shingo na kifua ni rangi ya majivu. Wataalamu humwita Corvus splendens. Sisi humwita kunguru wa Bara Hindi, na ndugu zetu wa Mombasa humwita kurabu.

Nimeona niandike habari zake kwa sababu vijana wengi wa siku hizi wanadhani ndege huyu aliumbwa hapa pamoja na minazi. Hakuumbwa hapa. Aliletwa kwa meli, kwa uamuzi wa wakubwa, ili afanye kazi maalumu. Na kazi ile aliyoitiwa ndiyo ninayotaka tuitazame, maana hadi leo haijamalizika.

Hebu turudi nyuma kidogo. Katika karne ya 19 mji wa Unguja ulikuwa soko kuu la pwani yote hii. Pembe za ndovu zilipita hapo, karafuu zilipita hapo, na watumwa, binadamu wenzetu, walipitishwa hapo hadi soko lao lilipofungwa mwaka 1873. Mji uliojaa watu na mali hujaa na taka pia. Majumba ya mawe yalisongamana, vichochoro vikawa vyembamba, na taka za majumbani, masalio ya samaki na hata mizoga vikatupwa ufukweni ili vingoje maji kujaa. Livingstone alipopita Unguja mwaka 1866 aliandika kwa karaha juu ya uvundo wa ufuko ule. Miaka mitatu baadaye, 1869, kipindupindu kikaingia mjini, kikaendelea hadi 1870, na maelfu ya watu wakapotea. Tabibu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Unguja wakati ule, James Christie, aliifuatilia njia ya ugonjwa huo kwa uangalifu mkubwa, na kitabu chake kikatoka mwaka 1876.

Katika miaka iliyofuata msiba ule, mji ulipata dawa za aina mbili. Mimi nimezitumia mara nyingi kama mfano wa kufundishia.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Yeye alivuta maji ya chemchemi kutoka nje ya mji, akayapitisha katika mfereji na mabomba mpaka mjini. Kazi ile ilitaka fedha, mafundi, vifaa na uangalizi wa kila siku. Haikuwa kazi ya kupiga kofi mara moja ikaisha. Lakini aliyekunywa maji yale alijua amepata kitu.

Dawa ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza. Mwaka 1891 Sir Gerald Portal, mwakilishi wao mkuu, aliupanga upya utawala, hata hazina na idara za serikali zikaangukia mikononi mwa maofisa wa Kizungu. Yapata wakati huo huo, 1891, kunguru wa kwanza wakaletwa kutoka India ili wawe wafagiaji wa mji. Sifa ya jambo hilo, au lawama yake, kwa kawaida hupewa Portal.

Ukitazama kwa macho ya mtawala wa zama zile, utaona jinsi hesabu ilivyompendeza. Mfagiaji binadamu anataka mshahara, ufagio, mkokoteni na msimamizi. Kunguru hataki lolote katika hayo. Huamka kabla ya jua, hufanya kazi Ijumaa na Jumapili, hagomi, wala hazeeki akadai pensheni. Sisi wastaafu tunajua vizuri jinsi neno hilo la mwisho linavyowachosha wakubwa. Huko India kunguru alikuwa amezoeleka mitaani, akiokota makombo mbele ya kila mlango, na maofisa waliopitia India walimjua. Basi wakaona, kwa nini tusimwajiri?

Portal mwenyewe hakukaa akaona matokeo. Alikwenda Uganda mwaka 1893, akarudi kwao, na Januari 1894 akafariki London kwa homa ya matumbo, akiwa na umri wa miaka 35. Homa ya matumbo ni maradhi ya uchafu ulioingia katika maji au chakula. Silitaji jambo hili kumcheka marehemu, hasha. Nalitaja kwa sababu linatukumbusha kwamba uchafu haumjui mtawala wala mtawaliwa, na kwamba ule unaoua zaidi ni ule usioonekana, ambao kunguru hawezi kuudonoa.

Sasa tumtazame mgeni mwenyewe. Kunguru huyu ana tabia moja inayomtenga na ndege wengi: haishi mbali na binadamu. Wataalamu hawajui kundi lake lolote linalojitegemea porini. Penye watu yupo, pasipo watu hayupo. Jike hutaga mayai matatu hadi matano, ya rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, yenye madoa ya hudhurungi. Huyaatamia siku 16 au 17, na makinda huruka baada ya wiki tatu au nne. Kiota hukijenga kwa vijiti juu ya mwembe au mkungu. Lakini vijiti vikikosekana hutumia nyaya, na mti ukikosekana hujenga juu ya nguzo ya umeme, juu ya mnara, au penye ukingo wa paa. Nimewahi kushusha kiota kilichokuwa kimebanwa chini ya paa la darasa, nikakuta ni waya mtupu: vipande vya seng'enge, waya wa kuanikia nguo, na waya mwembamba wa kufungia nondo, vyote vimesukwa kwa ustadi ambao fundi wa vikapu asingeuonea haya.

Huko kwao India yupo ndege wa jamii ya kekeo, aitwaye koel, ambaye hutaga mayai yake ndani ya kiota cha kunguru na kumfanya kunguru alee watoto wasio wake. Kwa njia hiyo huyapunguza makinda ya kunguru. Meli ilimleta kunguru, haikumleta koel.

Tena waliomleta walisahau kwamba tumbo halina mkataba. Kunguru aliitiwa takataka, naye alizila takataka kwa uaminifu. Lakini yai la tetere ni tamu kuliko ganda la muhogo, na kifaranga cha kuku ni kinono kuliko utumbo wa samaki uliokauka juani. Mfagiaji akaanza kupekua viota, akashuka nyuani, akaingia majikoni. Kufika mwaka 1917 serikali ya Unguja ilikuwa imemtangaza kuwa mharibifu, na fedha zikatolewa kwa aliyeleta kunguru au mayai yake. Toka 1891 hadi 1917 ni miaka 26. Katika muda usiotosha hata mtu kulea mtoto akamwona mjukuu amekua, mtumishi wa serikali aligeuka mhalifu anayesakwa na serikali ile ile.

Bahari haikumzuia. Toka Unguja hadi bara, penye wembamba, ni mwendo usiozidi kilomita 40, na kunguru huyu hupenda kupanda vyombo na kujilisha makombo ya mabaharia. Mwaka 1947 alionekana Mombasa. Akaijaza Dar es Salaam, kisha akaifuata barabara kuu na reli hadi Morogoro na Dodoma. Na upande wa Kenya akapanda njia ya Mombasa hadi Voi na kuendelea mbele. Mwaka 1972 alifika Durban. Mwaka 1994 kunguru wawili walishuka katika bandari ya Hoek van Holland, Uholanzi, nchi ya baridi kali, nao wakazaa huko. Baadaye serikali ya huko ikaamua waondolewe wote kabla hawajazidi. Ukiziunga nukta za safari yake utapata ramani ya biashara: bandari, stesheni, stendi ya mabasi, soko. Hajapotea njia hata siku moja, kwa sababu njia yake ni sisi.

Wala Unguja haikuwa peke yake katika kumkaribisha. Huko Klang, Malaya, aliletwa makusudi karibu na miaka ile ile ili ale viwavi katika mashamba ya kahawa. Kahawa imekwisha kusahauliwa huko, kunguru bado yupo. Na sisi wa Afrika Mashariki tunakijua kisa kama hicho kwa jina jingine: sangara, aliyetiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 ili kuongeza samaki, akaleta fedha nyingi na akawamaliza samaki wengi wadogo waliokuwa humo tangu zamani. Daima huja kwa jina la msaada.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa jirani na ufuko, kaskazini ya Dar es Salaam. Ng'ambo ya uwanja wetu palikuwa na mahali pa kuteremshia samaki, na akina mama waliwapasulia wanunuzi samaki wao hapo hapo mchangani. Kunguru walikuwa sehemu ya shule. Dakika chache kabla ya kengele ya mapumziko walikuwa wamekwisha kujipanga juu ya mgongo wa paa, wakiinamisha vichwa kama wakaguzi. Waliijua ratiba kuliko mwalimu wa zamu. Kengele ikilia, watoto wa darasa la kwanza hutoka na maandazi yao, na kabla hawajafika kivulini mmoja au wawili wameshanyang'anywa. Watoto wakabuni mbinu zao: kula huku wamegeukia ukuta, kula ndani ya shati, au kumweka mkubwa mmoja asimame na fimbo. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Huyu hakuwa mwoga, alikuwa mwangalifu. Alimtambua mtoto mwenye fimbo na mtoto asiye nayo.

Jambo lililoniuma zaidi halikuwa maandazi. Mwaka mmoja, katika somo la sayansi, niliwaagiza wanafunzi wa darasa la tano waandike majina ya ndege kumi waliowaona kwa macho yao wiki ile. Wengi hawakufika kumi. Waliandika kunguru, kuku, bata, njiwa wa jirani, kisha kalamu zikasimama. Nilipokuwa na umri wao, katika kijiji cha pwani hii hii, orodha yangu ingekuwa na tetere, ninga, shomoro, mnana, chozi, kurumbiza na wengine, na ningewataja kwa sauti zao kabla ya kuwataja kwa majina. Sisemi kwamba kunguru ndiye aliyewafukuza wote. Miti imekatwa, mashamba yamekuwa viwanja, viwanja vimekuwa kuta. Lakini ndege mdogo aliyebaki na mwarobaini mmoja tu wa kutagia, akapata jirani anayekula mayai na makinda, hana la kufanya ila kuhama au kukoma. Hasara hiyo haiandikwi katika kitabu chochote cha halmashauri. Ni hasara ya mtoto kukua pasipo kusikia.

Kuna hasara nyingine ambayo niliiona darasani, nayo inahusu jina. Siku moja watoto wawili waligombana juu ya dawati. Mmoja alikuwa wa ukoo uliotoka Gujarat vizazi vingi nyuma. Mwenzake, alipozidiwa maneno, akamwambia, "Rudini kwenu, na kunguru wenu mwachukue!" Darasa zima likacheka. Yule mtoto hakulia. Alifunga daftari lake tu, akalikalia.

Sikumpiga mtu. Kipindi kilichofuata cha historia niliacha nilichokuwa nimekiandaa, nikachora ubaoni mji wa Unguja wa mwaka 1891, nikawauliza wanafunzi: nani aliulizwa siku ile? Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakiishi Unguja, je, waliulizwa kama wanataka kunguru? Hawakuulizwa. Waswahili wa Ng'ambo, waliulizwa? Hawakuulizwa. Sultani, ambaye hazina yake ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, alikuwa na sauti gani? Ndogo. Na kunguru mwenyewe, aliyefungiwa katika tundu na kuvushwa bahari, aliulizwa? Hapo wakacheka, lakini kicheko cha namna nyingine. Nikawaambia kwamba ndege hana pasipoti wala kabila, na kwamba neno "Bara Hindi" katika jina lake linataja mahali alikotoka, halimtaji wa kushtakiwa. Yule aliyetukana akanyoosha mkono akauliza, "Sasa Mwalimu, wa kulaumiwa ni nani?" Nikamjibu, "Mwanangu, historia inaweza kukuambia nani alianza. Nani anaendelea, hilo tunalijibu wenyewe kila jioni tunapomwaga ndoo ya taka."

Jibu hilo limenikaa moyoni kuliko lilivyomkaa yeye, kwa sababu tangu hapo nimekuwa nikiangalia tunavyopambana na kunguru, na naona tunarudia hesabu ile ile ya 1891, ila kwa kinyume. Wakati ule walitaka ndege aondoe taka. Siku hizi twataka sumu iondoe ndege. Taka zenyewe hazimo katika hesabu zote mbili.

Nieleze kidogo namna kazi hiyo inavyofanyika. Kuna mitego, vizimba vikubwa vya waya vyenye uwazi mwembamba kwa juu. Ndani huwekwa nyama na kunguru mmoja au wawili walio hai kama chambo. Wenzao hushuka kwa kukunja mabawa wakaingia. Kutoka hawawezi, maana wakiyakunjua mabawa ili waruke, uwazi hauwatoshi. Na kuna sumu iitwayo Starlicide, iliyotengenezwa kwanza Marekani kwa ajili ya ndege wengine waharibifu. Hutiwa katika nyama. Haiui papo hapo. Huharibu figo, na ndege hufa baada ya siku moja hadi tatu, mara nyingi mahali anapolala. Ucheleweshaji huo ndio siri yake, maana kunguru angemwona mwenzake ameanguka mbele ya nyama asingeigusa tena.

Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 1990, njia hizo zilitumiwa kwa juhudi na idadi ya kunguru ikashuka sana. Watu wakapumua. Kisha kazi ikakoma, na kunguru waliobaki wakazaa wakarudi juu ya mapaa kama zamani. Dar es Salaam nako wameuawa kwa wingi zaidi ya mara moja, na mpaka leo sijapata kuamshwa na ndege mwingine. Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja katika miji ya pwani kabla mwaka haujaisha: Mombasa, Malindi, Kilifi na Watamu.

Siwalaumu wanaofanya kazi hiyo. Ndege wetu wadogo wanahitaji nafasi ya kuvuta pumzi, na wenye kuku wana haki yao. Nasema tu kama mwalimu wa hesabu. Jozi moja ya kunguru ikikuza makinda wawili tu kwa mwaka, nao wasife, jozi moja imekuwa jozi mbili. Mwaka wa pili ni nne, wa tatu ni nane. Kinachozuia hesabu hiyo isiende mbele milele ni chakula. Ukiua tisa katika kila kumi na ukaacha meza imeandikwa, yule wa kumi ameachiwa karamu ya wenzake. Mtego na sumu ni ufagio mzuri, lakini ufagio wa mara moja.

Na asidhani mtu kwamba udhaifu huu ni wa Waafrika. Huko Uingereza, katika vijiji na miji ya pwani, shakwe, ambaye kwa asili hutaga katika majabali ya bahari, amehamia juu ya mapaa ya nyumba. Hujenga kando ya mabomba ya moshi, hupiga kelele alfajiri, na huwapokonya watu viazi vyao barabarani, kama vile wanafunzi wangu walivyopokonywa maandazi. Sababu mojawapo inayotajwa ni sheria ya hewa safi ya mwaka 1956, iliyozuia uchomaji wa taka majaani. Zikawa hazichomwi tena, na shakwe wakapata karamu isiyoisha. Tofauti ni kwamba shakwe hakuletwa na mtu. Yeye ni mwenyeji, sheria ya mwaka 1981 inamlinda, na tangu 2009 yumo katika orodha nyekundu ya ndege wanaopungua nchini humo. Basi Waingereza wana ndege wa kulindwa anayewaudhi, na sisi tuna ndege wa kuondolewa anayetuudhi. Lakini yule wa kule na huyu wa huku wamesoma tangazo moja la kazi, nalo limeandikwa kwa makombo.

Mtu ataniuliza, je, inawezekana watu wetu wakabadilika? Najibu kwamba nimeyaona mambo mawili kwa macho yangu. Mwaka 1973 ilikuwapo kampeni ya "Mtu ni Afya". Redio iliwekwa katikati, watu wakakaa vikundi vikundi, kitabu mkononi, wakajifunza habari za malaria, kichocho, kuhara na vyoo. Wapatao milioni mbili walishiriki katika Tanzania. Sisi tuliotoka vyuo vya ualimu miaka ile tulikuwa vijana, na tulitumwa kusoma kwa sauti kwa wazee waliokuwa na umri wa baba zetu. Walisikiliza, wakauliza, na asubuhi yake walichukua majembe wakachimba. Jambo la pili ni la juzi: Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini, na kabla ya miezi mingi vichaka vilivyokuwa vimechanua mifuko vikarudi kuwa vichaka. Kwa hiyo maneno kwamba watu wetu hawabadiliki siyakubali. Hubadilika wanapoelezwa sababu, wanapopewa chombo, na mkubwa anapobadilika pamoja nao.

Kinachotushinda ni kuhamisha. Jaa la Tabata, Dar es Salaam, liliwachosha wakazi hata wakaishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu mwaka 1988. Ni kesi ya kihistoria, na wanasheria huitaja hadi leo. Jaa likaondoka Tabata; likaenda Vingunguti, kisha Mtoni, na baadaye Pugu Kinyamwezi. Kunguru walihama nalo, safari kwa safari. Nao hawakuhitaji mkokoteni.

Katika kijiji ninachoishi sasa, wachuuzi wa samaki walikubaliana kupasulia samaki mahali pamoja, juu ya saruji, na matumbo yote hutiwa katika pipa lenye kifuniko. Jioni kijana mmoja anayelipwa na wachuuzi wenyewe huyapeleka yakafukiwe katika shamba la migomba. Haikuagizwa na mtu kutoka juu. Mama mmoja mzee, ambaye hakupata kusoma, ndiye aliyeanza kudai, kwa sababu alichoka kulinda beseni lake kwa kanga. Kunguru hawakwisha. Lakini asubuhi hawajazi tena paa la soko kama zamani. Wametawanyika, wengine wamekwenda kijiji cha pili ambako hakuna pipa. Na migomba imestawi.

Mwenzangu mmoja, mvuvi wa makamo yangu, hakubaliani nami. Husema, "Mwalimu, kunguru umwache. Kama si yeye, ufuko huu ungenuka hata tusiweze kuswali." Anasema kweli kwa nusu. Kunguru amefanya kazi hapa zaidi ya miaka 130, bila siku ya mapumziko, na hatujawahi kumshukuru. Ila nusu ya pili ya ukweli ni kwamba aliipata kazi hiyo kwa sababu wenye mji walikataa kuifanya, na ataendelea kuwa nayo mpaka siku tutakapoichukua wenyewe. Siku hiyo hatutahitaji kumfukuza. Njaa itamwambia.